Vita Vilivyoanza kwa Kaburi Fupi

Mahakama ya nchi yetu imenikataza kuandika historia maisha yangu yote. Hukumu ina kurasa tisa. Nimeisoma mara tatu kwa miwani na mara moja bila miwani, na hakuna mahali inapotaja hadithi. Kwa hiyo hii ni hadithi. Jina la nchi silitaji, kwa sababu Sheria ya Kulinda Jina la Nchi inamtaka kila anayeliandika awe na kibali, na kibali hutolewa na idara ambayo nayo haina jina. Wewe msomaji huifahamu nchi hii. Ukijiona umeanza kuifahamu, weka kitabu chini, unywe maji, kisha uendelee.

Nianze na aibu iliyotupata.

Waziri wetu wa Historia na Mambo Yaliyopita aliitwa Mheshimiwa Idrisa Petro Lukanga. Msikitini alikuwa Idrisa, kanisani alikuwa Petro, na wakati wa uchaguzi alikuwa vyote viwili kwa sauti moja. Alialikwa ng'ambo kwenye Mkutano wa Mataifa Yenye Kale. Huko kila mjumbe alipewa dakika kumi aeleze wazee wake walifanya nini wakati wa Vita vya Msalaba, zile karne ambazo wafalme wa Kikristo walivaa nguo za chuma wakasafiri kwenda kuipigania Yerusalemu, na masultani wa Kiislamu wakatoka na majeshi yao kuwapokea, na kila upande ukawa na hakika kwamba Mungu amepiga hema kwake.

Mjumbe wa kwanza akasema wazee wake waliuteka mji mtakatifu wakaua watu mpaka farasi wakachoka kutembea. Ukumbi ukapiga makofi. Wa pili akasema wazee wake waliuchukua tena mji uleule. Makofi. Wa tatu akasema wazee wake walipotea njia, wakateka mji mwingine usiohusika kabisa, tena wa ndugu zao katika dini. Wakampigia makofi wamesimama.

Zamu ikafika kwetu. Waziri akainuka, akafungua faili, akasoma: "Katika karne ya kumi na mbili, wananchi wetu walilima mtama."

Hakuna aliyepiga makofi. Mjumbe aliyekaa jirani yake akamuuliza kwa huruma, "Na karne ya kumi na tatu?"

"Mtama," akajibu Waziri. Akafikiri kidogo. "Na kunde."

* * *

Alirudi nyumbani amekonda. Pale uwanja wa ndege alitoa hotuba ambayo mpaka leo wanafunzi wanaikariri.

"Ndugu wananchi! Tumeishi kwa aibu bila kujua kwamba ni aibu! Wenzetu wana chuki zenye umri wa miaka mia nane, zimetunzwa vizuri, watalii wanakuja kuzitazama. Sisi je? Mkristo wetu na Mwislamu wetu wanaazimana chumvi! Watoto wetu wanacheza pamoja, wala hawajui kwa nini wasingepaswa! Nauliza, hili ni taifa au ni jikoni?"

Watu wakashangilia. Hotuba ilikuwa ndefu na jua lilikuwa kali, na kushangilia kulikuwa kunafupisha.

Ikaundwa Tume ya Kutafuta Vita Vitakatifu Vyetu, ikapewa wiki tatu ivipate. Nami nilikuwemo. Jina langu ni Mwinchande, na wakati huo nilikuwa Mwandishi Msaidizi wa Historia. Usidanganywe na cheo. Kwa miaka kumi na mmoja kazi yangu ilikuwa kuandika vibao vya makumbusho, na kibao changu maarufu kuliko vyote kilisema: "Chungu. Cha zamani." Unaweza kuelewa nilivyofurahi kuitwa kwenye Tume. Nilinunua kalamu mpya nikaitia mfukoni kwa namna ambayo kila mtu angeiona.

Kikao cha kwanza kilitaka kuharibika. Mwalimu Gaudensi, mzee mstaafu ambaye ndiye peke yake kati yetu aliyekuwa amesoma vitabu vya historia mpaka mwisho, aliinua mkono.

"Mheshimiwa, tumesema vita vyetu viwe vya mwaka elfu moja mia moja tisini na moja. Mwaka huo Wakristo walikuwa wameshafika huku kwetu?"

"Bado," akasema Waziri.

"Na Waislamu?"

"Nao walikuwa hawajaingia bara."

"Sasa nani alipigana na nani?"

Feni ikawa inasikika. Waziri akatutazama mmoja mmoja, na mimi, mwandishi wa vyungu, nikasikia sauti ikinitoka: "Mheshimiwa, dini zenyewe zilikuwa bado ziko njiani, ila uhasama ulitangulia kuandaa mahali."

Waziri alipiga meza kwa furaha. Mwalimu Gaudensi alishukuriwa kwa mchango wake, akahamishiwa kwenye vyungu. Mimi nikapewa kiti chake, ambacho kilikuwa na mto.

* * *

Vita vinahitaji mahali. Nilitakiwa nipate mji ambao msikiti na kanisa vinatazamana, na mji huo niliujua mmoja tu, Mkirikiti, nilikozaliwa. Vita vinahitaji pia chanzo, na hapo ndipo nilipofanya jambo ambalo nikilikumbuka hata nikiwa peke yangu nafunika uso.

Mkirikiti tuna desturi yetu. Mtu akifa, wafiwa hawashiki jembe. Akifa Mwislamu, Wakristo ndio wanaochimba kaburi. Akifa Mkristo, wanachimba Waislamu. Sijui nani aliianzisha. Ukiwauliza watasema mwenye kulia hawezi kupima, basi. Wakristo wa kwetu wanajua kukata mwanandani, ule upenyo wa ubavuni mwa kaburi anamolazwa maiti wa Kiislamu kuelekea kibla, kuliko masheikh wanavyoujua. Na Waislamu wa kwetu wanajua kaburi la jeneza: marefu, mapana, kina, mpaka kijukwaa cha kupitishia kamba.

Kiongozi wa wachimbaji wa Kiislamu alikuwa marehemu baba yangu. Kiongozi wa Wakristo ni mzee Elikana, mtu mrefu, mpole, mwenye uzi wa kupimia ambao kila fundo lake ni urefu wa mtu mmoja. Mkewe alipofariki, baba yangu ndiye aliyemchimbia, akashinda kaburini kutwa nzima akilainisha kuta kwa kiganja. Na mama yangu, Bi Tausi, alikuwa ameshapimwa na Elikana tangu zamani, akiwa mzima, uani kwake, huku wanataniana.

"Punguza ubwabwa, Bi Tausi," Elikana alikuwa akimwambia. "Mwanandani utanishinda."

"Chimba mpana, mvivu wewe," mama alikuwa akijibu. "Sitaki kubanwa."

Basi, mimi nilitafuta chanzo cha vita, na nilikuwa na kitu kimoja tu kizuri mkononi, nikakigeuza. Niliandika kwamba mwaka huo wa kubuni, Jemadari Filberti, kiongozi wa Wakristo wa Mkirikiti, alipewa kazi ya kumchimbia kaburi baba yake Amiri Mwinyimvua, kiongozi wa Waislamu, na kwa makusudi akalichimba fupi. Mzee akazikwa amekunja magoti. Kwa kisasi Waislamu wakamchimbia mjomba wake Filberti kaburi la kupinda. Vita vikawaka miaka arobaini. Sura ya tisa, ya yale magoti, niliiandika kwa ufundi mkubwa, nikalia mwenyewe. Mtu anayelizwa na uongo wake mwenyewe anafaa kufungiwa ndani, lakini mimi nilipewa cheti.

* * *

Kitabu kilizinduliwa Mkirikiti kwa maigizo ya vita. Wizara ilileta nguo za chuma zilizotengenezwa kwa mabati ya paa, na sufuria za kuvaa kichwani. Elikana akapewa kuwa Filberti kwa sababu ya urefu wake. Binamu yangu Kondo akawa Amiri Mwinyimvua, kwa kuwa ndiye peke yake aliyeenea lile bati.

Kipenga kikalia. Majeshi yakakimbiliana. Kondo akajikwaa akaanguka kifudifudi, na Jemadari Filberti akatupa upanga, akapiga magoti kumwinua.

"Pole, baba, pole. Umeumia wapi?"

"Goti, mzee. Hili la upande huu."

Kipenga kikalia tena. "Amiri hapewi pole!" akafoka mkurugenzi wa maigizo. Wakaanza upya. Mara ya tatu mambo yalikuwa yanaelekea kunoga, ikalia adhana ya adhuhuri. Jeshi la Amiri likaweka ngao chini likaenda kuswali, na jeshi la Filberti likabaki kuwalindia panga zao zisichukuliwe na mbuzi. Waziri alikuwa jukwaani na wageni kutoka ng'ambo. Aliinama akaninong'oneza, "Mwinchande, hawa watu hawana uhasama wa kutosha."

"Wamesahau, Mheshimiwa," nikasema. "Ni zamani mno."

"Basi wakumbushwe."

Ikatoka Fomu ya Uhasama wa Kurithi. Kila raia aliyetimiza miaka kumi na minane aliijaza. Swali la kwanza: Babu yako wa ishirini na tano aliuawa na nani? La pili: Unajisikiaje? Chini yake palikuwa na nafasi ya majibu matatu tu, nayo ni Vibaya, Vibaya Sana, na Nasubiri Siku Yangu. Mama yangu alijaza kwamba babu yake wa ishirini na tano alikufa kwa kuumwa tumbo na hana kinyongo na mtu. Fomu yake ilirudishwa mara nne.

Akaletwa pia Afisa Utekelezaji wa Uhasama wa wilaya, Bwana Gervasi, mtu mwembamba mwenye mkoba mkubwa. Na mkobani mwake, siku ya kwanza kabisa, mlikuwa na Waraka Namba Kumi na Saba: Kwa kuzingatia yaliyoelezwa katika sura ya tisa, na ili yasijirudie ya kaburi fupi, ni marufuku adui wa kihistoria kumchimbia mwenzake kaburi, kumpa ushauri wa uchimbaji, au kumsogelea akiwa anachimba kwa umbali wa chini ya hatua hamsini.

Niliusoma waraka huo mjini, ofisini, nimekaa kwenye mto wangu. Nilifurahi kuona sura ya tisa imetajwa.

* * *

Wa kwanza kufa baada ya waraka alikuwa Mama Perpetua, mzee wa kwaya. Wakristo wakamchimbia wenyewe, kwa mara ya kwanza katika maisha yao. Mikono yao ilikuwa inajua jambo moja tu. Walichimba kaburi zuri ajabu, limeelekea kibla, lina mwanandani uliokatwa kama kwa kisu. Jeneza likaletwa. Wakalijaribu kwa ubavu, wakalijaribu kwa kichwa, mwisho likabaki limesimama nusu. Padri alitazama, akaongeza sala mbili ambazo hazimo kwenye ibada.

Wiki iliyofuata akafa mzee Pazi, fundi cherehani. Waislamu wakachimba wenyewe. Wakatoa shimo refu, pana, lenye kina na kijukwaa. Ungeweza kuteremsha kabati la nguo. Imamu akachungulia.

"Mwanandani uko wapi?"

Wachimbaji wakatazamana. "Ule huwa wanaufanya wao," akasema Kondo.

Wote wakageuka. Hatua hamsini kutoka pale walikuwa wamekaa Wakristo wa Mkirikiti, wanamlilia mzee Pazi aliyewashonea watoto wao sare zote za shule. Kutoa ushauri ni kosa. Kwa hiyo Kondo alipoingia tena shimoni na kuanza kukata ubavu usio wenyewe, Elikana akakohoa. Kondo akahamia ubavu wa pili. Kimya. Akaenda juu mno; Elikana akakohoa. Akashuka. Walichimba hivyo saa nzima, na Bwana Gervasi akaandika kwenye taarifa yake kwamba adui amepata kifua.

Taarifa hiyo ilifika mezani kwangu nikaicheka mpaka chozi. Nakuomba ukumbuke kwamba nilicheka.

* * *

Mwezi wa nne nikapata salamu kwamba mama anaumwa na ananitaka. Nilimkuta amelala kitandani amekuwa mdogo, macho yakiwa yaleyale. Kitabu changu kilikuwa chini ya mto wake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Elikana alinisomea kitabu chako chote. Mimi macho hayaoni."

"Elikana?"

"Alikuja akakisoma kutokea dirishani, siku kumi na mbili. Alipofika kwenye kaburi fupi alinyamaza, nikadhani amechoka. Nikamwambia endelea. Akaendelea." Alipumua. "Chande, mwanangu. Yule mtu amechimba makaburi miaka arobaini. Umewahi kusikia amechimba fupi?"

"Mama, yule ni Filberti. Si yeye."

"Filberti ni nani? Mji huu mtu mrefu anayechimbia Waislamu ni nani?"

Nilikuwa nimeandika kurasa mia tatu na sikuwa na neno moja.

"Mimi sitaki ugomvi na serikali," akasema mama. "Nataka kitu kimoja. Nilishapimwa. Nataka Elikana anichimbie. Ulichokifunga ukafungue."

Nikamwapia.

Nikarudi wizarani siku hiyohiyo kuomba kibali. Katika idara ya kwanza niliambiwa adui anaweza kuchimba pale tu vita vitakapokuwa vimekwisha rasmi. Nikauliza vinakwishaje. Wakaniambia lazima makamanda wa pande zote mbili watie saini. Nikasema makamanda walikufa miaka mia nane iliyopita. Wakaomba vyeti vya vifo. Idara ya vyeti ikasema haiwezi kutoa cheti cha kifo kwa mtu asiye na cheti cha kuzaliwa, na ili Filberti apate cheti cha kuzaliwa ni lazima aje mwenyewe.

Mwisho nikaingia kwa Waziri.

"Mheshimiwa, wewe unajua na mimi najua. Vile vita nilivitunga mimi. Tuvifute."

Waziri alinitazama kwa upole wa daktari. "Mwinchande, vilikuwa vyako ulipokuwa unaviandika. Sasa ni vya wananchi. Kuna shule mbili zina jina la Filberti. Nimealikwa tena ng'ambo mwezi ujao, safari hii nazungumza siku ya kwanza." Akainuka akanishika bega. "Na kusema kwamba historia ya taifa ni uongo ni kosa la jinai. Sheria hiyo uliiandika wewe, ukurasa wa dibaji wa kitabu chako. Mpe mama pole."

* * *

Mama alifariki Alhamisi jua linachomoza. Wanawake walimwosha, wakamvika sanda, na sisi tukaenda makaburini. Kwa kuwa nilikuwa mwanawe na mwenye kosa, nilishika jembe mwenyewe pamoja na Kondo.

Udongo wa makaburi ya Mkirikiti una mchanga chini. Kaburi la jeneza halina shida nao, ila mwanandani humeguka. Elikana na watu wake wana namna yao ya kuushika. Sisi hatukuwa nayo. Tulikata, ukaporomoka. Tukazoa, tukakata tena, ukaporomoka ukamfunika Kondo mpaka kiunoni. Adhuhuri ikapita. Maiti alikuwa ameshaswaliwa, ametulia kwenye machela kivulini, anamngoja mwanawe ajue kuchimba. Viganja vyangu vilikuwa vimechubuka vyote. Kalamu haikuwa imenizoesha.

Nilichungulia kutoka shimoni. Hatua hamsini mbali, Elikana alikuwa amekaa juu ya jiwe na watu wake, majembe yamelala mbele yao. Mkononi alikuwa na ule uzi. Niliona fundo la mama.

Nikamngoja akohoe. Hakukohoa. Tulikata vibaya mbele ya macho yake na hakukohoa. Alikuwa ananitazama mimi, tena bila hasira, na nikiwa mle ndani nimejaa mchanga masikioni nikaelewa kwamba siku hiyo zamu ya kukohoa ilikuwa yangu.

Nikapanda juu ya rundo la udongo. Mji mzima ulikuwepo.

"Jamani," nikasema. "Niliongopa."

Nikafuta mchanga usoni, nikaendelea.

"Hapakuwa na Filberti. Hapakuwa na Amiri. Hapakuwa na kaburi fupi, hakuna mtu aliyewahi kuzikwa amekunja magoti katika mji huu. Nilikitunga kile kitabu kutoka mwanzo mpaka mwisho, na nilikitunga kwa kuwachukua ninyi. Mzee Elikana, nilikuchukua wewe. Nisamehe."

Mwanamke mmoja wa kwaya akasema kutoka nyuma, "Tunajua, Mwinchande. Mwaka huo mji huu haukuwepo."

"Mlijua?"

"Kila mtu alijua."

Nilikuwa nimesimama mbele ya maiti ya mama yangu, na bado, Mungu anisamehe, iliniuma kidogo kama mwandishi.

"Sasa mbona mlinyamaza?"

"Kitabu ni chako," akasema Elikana. Ndipo aliponena kwa mara ya kwanza siku ile. "Tulikuwa tunakungoja."

Bwana Gervasi alikuwa ameshanifikia. Alikohoa kikohozi cha kiofisi, akafungua mkoba.

"Bwana Mwinchande, umekana historia ya taifa hadharani. Kuna fomu." Akatoa bunda la karatasi. "Ina kurasa kumi na nne. Kwa mujibu wa kanuni, lazima uijaze papo hapo, na mimi lazima nikukazie macho tangu neno la kwanza mpaka la mwisho. Siruhusiwi kutazama pengine hata mara moja."

Alinigeuza kwa bega, taratibu, nikawa nimelipa kaburi mgongo, naye akasimama mbele yangu akikodolea kalamu yangu. Mama Perpetua, niliambiwa baadaye, alikuwa shangazi yake.

Nikaanza kuandika. Jina kamili. Jina la baba. Nyuma yangu nikasikia hatua za watu, nyingi, za polepole. Nikasikia Kondo akivutwa kutoka shimoni. Kisha majembe yakaanza, na hayakuwa majembe ya watu wanaobahatisha. Sauti ya Elikana ikasema, "Leteni maji. Mwageni kidogo kidogo. Sasa kata kutokea chini."

"Eleza sababu za kukana," akasoma Bwana Gervasi.

Nikaeleza. Akasoma nilichoandika.

"Ni fupi mno. Ongeza."

Nikaongeza. Niliandika habari za uzi, na za baba yangu alivyolainisha kuta kwa kiganja, na za ubwabwa. Niliandika ukweli kurasa kumi na nne, na kila nilipotaka kumaliza, Bwana Gervasi alinung'unika, "Mwandiko hausomeki, rudia mstari huu." Alikuwa analia, lakini macho hakuyaondoa.

"Tayari," akasema Elikana.

Nikatia nukta. Nikageuka. Wakristo walikuwa wametoka kaburini, wamesimama kando, wamevua kofia. Mimi na Kondo tukashuka tukampokea mama. Aliingia kwenye mwanandani bila kubanwa popote. Nilipitisha mkono ukutani na ulikuwa laini kama ukuta wa chumba.

* * *

Kesi ilichukua siku moja. Kazi nilifukuzwa, kuandika historia nikakatazwa, na nikaamriwa kuishi Mkirikiti, mji ambao hukumu inauita "uwanja wa vita". Bwana Gervasi alipandishwa cheo kwa kujaza fomu ndefu kuliko zote nchini. Wizara ikatoa chapa ya pili ya kitabu, yenye sura mpya inayoeleza jinsi siku ile majeshi ya Filberti yalivyovamia makaburi ya adui mchana kweupe na kuteka kaburi moja. Elikana akapewa nishani ya ushujaa. Ameitundika kwenye mlango wa banda la kuku, inamsaidia usifunguke kwa upepo. Waziri alihutubia ng'ambo siku ya kwanza, wakampigia makofi wamesimama.

Waraka Namba Kumi na Saba haukufutwa. Ila kila mtu akifa Mkirikiti, kuna raia mmoja ambaye huibuka makaburini na kuikana historia hadharani, na afisa wetu mpya hulazimika kumkazia macho kurasa kumi na nne. Tumejipangia zamu. Mimi siku hizi nachimba, katika kikosi cha Waislamu. Nilianza kwa kubeba maji. Kondo alikuwa ananisimamia, tena bila huruma.

Juzi Elikana aliniita kwake. Nilimkuta ametandika mkeka sakafuni, amelala chali, mikono ameiweka kifuani, uzi uko pembeni yake.

"Shikamoo, mzee. Unaumwa?"

"Marahaba. Siumwi. Baba yako hayupo, na mimi mtu wangu wa kunichimbia sasa ni wewe. Nipime."

Nikapiga magoti, nikashika uzi. Nilianzia kisiginoni, nikapandisha mpaka gotini, na nilipofika pale gotini nikasimama, macho yakanijaa maji. Nikaona afadhali nikadirie tu sehemu iliyobaki, nifunge fundo nimalize.

Elikana alifumbua jicho moja.

"Mwinchande."

"Naam, mzee."

"Pima. Usibuni."